Usinimalizie Maneno

Wanafunzi walimwita Bi Kwahiyo, na mwenyewe alijua wanamwita hivyo. Jina lilitokana na swali lake. Ukimpelekea insha ya sheria, ripoti ya maabara au sura ya kwanza ya tasnifu, aliisoma mbele yako aya kwa aya, na kila alipofika mwisho wa aya alipandisha miwani hadi kwenye paji la uso, akauliza, "Kwa hiyo?" Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayesimuliwa habari za harusi halafu msimulizi akaishia getini. Wapo waliotoka chumbani kwake wamenuna, wakisema yule mama ana roho mbaya, badala ya kukusahihishia anakuhoji kama askari wa mpakani. Lakini walirudi, na waliporudi walikuja na wenzao.

Kabla ya chuo alikuwa amefundisha lugha sekondari kwa miaka mingi, mpaka sauti ikaingia mikwaruzo. Chuo kilipofungua Kituo cha Uandishi, akatafutwa mtu wa kukaa na wanafunzi mmoja mmoja na kuzungumza nao juu ya kazi zao. Wahadhiri hawakuitaka kazi hiyo, kwa kuwa haimpandishi mtu cheo. Akaichukua yeye. Wakampa chumba chini ya ngazi za maktaba, kilichokuwa stoo ya viti vibovu, pamoja na meza mbili na feni iliyozunguka ilipojisikia. Wakampa na cheo cha mshauri wa uandishi, cheo ambacho hakikuwa cha wahadhiri wala cha makarani. Kwenye chumba cha chai cha wahadhiri hakukaribishwa. Kwa makarani alikaribishwa, ila akiingia tu wote wananyamaza, wanakaa wima, wanamwamkia mwalimu. Mwisho alinunua birika lake, akawa anakunywa chai na wanafunzi.

Hayo yote aliyameza. Kilichokuwa kinamkaa kooni ni namna walivyokisema kituo. Walikiita gereji. Mhadhiri alimrudishia mwanafunzi kazi yake na kumwambia, "Nenda pale chini ya ngazi wakakunyooshee bodi." Na mwanafunzi alishuka ngazi huku kainamisha kichwa, kama mtu anayepelekwa kupimwa ugonjwa wa aibu.

Bi Kwahiyo alijua kwamba shida ya wale watoto haikuwa bodi. Kila somo lina namna yake ya kusema, na hakuna aliyekaa chini akawaambia. Mwanafunzi wa uuguzi anatakiwa aandike alichokiona kabla ya anachokidhani. Wa historia lazima aseme nani kasema, na kwa nini tumwamini. Wa uhandisi anatakiwa ajifiche kabisa, haandiki "nilipima", anaandika "kipimo kilichukuliwa", kana kwamba kipimo kiliamka asubuhi kikajichukua. Sentensi iliyosifiwa Jumatatu kwenye somo moja, Jumanne inakatwa alama kwenye jingine.

"Wanawahamisha nyumba kila saa," alimwambia mumewe siku moja, "halafu wanawachapa kwa kutojua choo kiko wapi."

Mumewe alikuwa fundi friji, mtu mpole asiyepandisha sauti hata nyundo ikimwangukia kidole. "Mama Mapacha," akamjibu, "hizo hasira zako ningezifunga waya, mtaa mzima usingekosa umeme."

Basi ndivyo alivyokuwa. Na hayo yaliyompata mwaka wa ile ripoti ya tangi yalimkuta akiwa tayari na kuni kavu kifuani.

Alikuja kijana wa uhandisi wa ujenzi, mrefu, mabega yameingia ndani, ambaye wenzake walimpachika jina la Kimya. Hakuwa kimya kwa kupenda. Alikuwa na kigugumizi, na si kile cha kukwaa neno mojamoja. Sentensi yake ilifika mlangoni kama kabati pana, ikakwama, ikarudi nyuma, ikajaribu kwa ubavu, ndipo ikapita. Watu wengi hawana subira ya kungoja kabati. Kwa hiyo tangu utotoni walimmalizia maneno. Mama yake alimmalizia kwa mapenzi, walimu kwa haraka, wenzake kwa mzaha. Naye alizoea kuitikia tu kwa kichwa hata walipomalizia sivyo, maana kukubali ni kufupi kuliko kukataa.

Siku ya kwanza Bi Kwahiyo naye alimmalizia. Kijana alikuwa anahangaika na neno "tangi", mama akasema, "Tanuri?" Kimya akamtazama, akavuta karatasi, akaandika pembeni ya ripoti yake: *Usinimalizie.*

Bi Kwahiyo aliisoma, akapandisha miwani. "Haya, nimesikia," akasema. "Mimi sina pa kwenda. Na nikisahau, nigongee meza."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wanafunzi wa mwaka wake walipelekwa kutazama tangi la maji la zege kwenye shule moja ya msingi. Tangi lilikuwa jipya, lakini lilishaanza kuvuja, na watoto walikuwa wanachota maji kwenye dimbwi lililojikusanya chini yake badala ya bombani. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika ripoti kueleza nyufa zile zimetoka wapi. Rasimu ya Kimya ilikuwa imejaa majedwali na fomula, vyote safi, ila hujui uanzie wapi.

"Mimi zege silijui," Bi Kwahiyo akamwambia. "Nikiona jumba limesimama nashukuru, napita. Nieleze kama unavyomweleza mjomba wako kijijini. Tangi linavuja kwa nini?"

Ilimchukua muda, na mama hakusogeza hata kalamu. Kijana akasema saruji ilitosha, na kokoto zilikuwa safi, hapakuwa na wizi. Kosa ni kwamba mafundi walipomaliza kumwaga waliliacha zege wazi juani, hawakulifunika wala kulimwagilia. "Watu wanadhani zege linakauka," akasema, neno moja baada ya jingine, kila moja na safari yake. "Halikauki. Linakomaa. Linahitaji maji ndio likomae. Jua likiyanyang'anya mapema, linajikunja, linapasuka."

Bi Kwahiyo aliweka miwani mezani. "Na hilo liko wapi humu?"

Kimya alifunua, akafunua, akalikuta ukurasa wa mwisho, chini ya jedwali, kwa herufi ndogo.

"Umelificha kama mtu anavyoficha mgonjwa wa kichaa wageni wakija. Kwa hiyo?"

Kijana akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Kwahiyo kumwona anacheka, na kicheko chake hakikuwa na kigugumizi chochote.

Muhula ule alirudi mara nyingi. Kila alipokuja ripoti ilikuwa imebadilika. Lile jambo la ukurasa wa mwisho lilipanda hadi wa kwanza, jedwali lisilo na kazi likafutwa, nyufa zikapangwa kwa mfuatano, ipi ilitangulia, ipi ilifuata. Bi Kwahiyo hakugusa kalamu yake hata mara moja. Huo ndio ulikuwa mwiko wa kituo, na yeye ndiye aliyeuweka: ukimwandikia mwanafunzi, umemmalizia maneno. Aliuliza tu, akangoja. Na kwa kuwa hakuna mtu mwingine pale chuoni aliyemngoja Kimya, kijana akaanza kuja hata siku ambazo hana cha kuandika, anakaa pembeni anakunywa chai na kusikiliza binti wa uuguzi akibishana na Bi Kwahiyo juu ya tofauti ya "mgonjwa amekataa kula" na "mgonjwa hakula".

Ripoti ikapelekwa kwa mhadhiri. Huyu alikuwa amefundisha zege muda mrefu hata wanafunzi wakamwita Dokta Zege, na jina lenyewe alilipenda. Alikuwa mtu wa sauti nene na mashati yaliyopigwa pasi kama karatasi. Siku ya kurudisha kazi aliita majina, wanafunzi wakafuata zao mbele. Alipoifikia ya Kimya aliishika kwa pembe, vidole viwili, akaionyesha darasa.

"Nani kamwandikia huyu?"

Wanafunzi wakatazamana.

"Nauliza kwa nia njema. Mtu anayehitaji nusu saa kulitaja jina lake, ndiye kaandika hivi?"

Baadhi wakacheka, wengine kwa kuona kweli kuna kichekesho, wengine kwa kumwogopa mwenye alama zao mkononi. Kimya akasimama kujibu. Sentensi ikafika mlangoni ikakwama. Dokta Zege alingoja kitambo cha pumzi moja au mbili, kisha akasema, "Kaa," akaita jina linalofuata. Ripoti ile haikupewa alama. Juu yake palikuwa na maneno mekundu: *Si kazi yako.*

Bi Kwahiyo hakuambiwa na Kimya mwenyewe. Kimya hakuonekana tena chini ya ngazi. Aliambiwa na yule binti wa uuguzi, aliyekuja na kazi yake na hata hakuitoa mkobani.

"Mwalimu, hujasikia ya Kimya?"

Akasimuliwa yote, mpaka ile "kaa". Bi Kwahiyo alifunga mlango wa kituo saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapanda ngazi, akavuka uwanja hadi jengo la uhandisi. Damu ilikuwa inamchemka hata akawapita wanafunzi wake wawili bila kuitikia salamu.

Dokta Zege alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamwita mama, akamuuliza habari za nyumbani. Hilo lilimuudhi zaidi.

"Nimekuja kwa habari ya ripoti ya tangi," akasema.

"Aa, nilijua ungekuja. Mama, naelewa kabisa. Nyinyi pale mnasaidia, na mtoto kama yule anatia huruma. Lakini msaada ukizidi unakuwa kitu kingine."

"Sikumwandikia hata nukta."

"Sisemi wewe. Huenda rafiki. Huenda kalipa mtu. Miaka mitatu yule kijana hajawahi kujibu swali darasani kwangu. Hata moja. Halafu ghafla analeta kazi iliyonyooka kuliko ya wote. Wewe ungekuwa mimi, ungefikirije?"

"Ningefikiri nina mwanafunzi mzuri," Bi Kwahiyo akasema. "Dokta, katika miaka hiyo mitatu, uliwahi kumngoja amalize?"

Dokta Zege alitabasamu kidogo na kutazama saa yake, pengine bila kukusudia. "Nina darasa la watu mia, mama. Zege halimngoji mtu."

"Mtu asiyesema haraka siye asiyefikiri."

"Sijasema hivyo."

"Umesema mbele ya darasa zima."

Tabasamu likaondoka. Akasema kwa kuwa jambo limefika huko, basi liende panapohusika, na wiki haikuisha kabla hajalipeleka kwenye kamati ya nidhamu ya kitaaluma. Tuhuma ilikuwa kuwasilisha kazi ya mtu mwingine. Ikithibitika, kijana anasimamishwa masomo.

Bi Kwahiyo aliomba awe shahidi. Wakamjibu kwamba mashahidi wa mambo ya kitaaluma huwa ni wanataaluma. Akauliza yeye ni nani, mpiga deki? Karani wa kamati, ambaye hakuwa na kosa lolote, akaona haya, akainamisha macho. Mwishowe wakamkubalia aingie kama msindikizaji, kwa sharti akae bila kusema. Akaomba pia kijana aruhusiwe kujibu kwa maandishi papo hapo, mbele yao, ili asiteswe na ulimi wake. Hilo walilikubali mara moja, na Bi Kwahiyo alirudi nyumbani siku hiyo akijisikia ameshinda walau kitu kimoja.

Alimwambia Kimya. Kijana alikuwa amekuja baada ya kuitwa mara kadhaa, amekonda, ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja gari. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hutaki kuandika?"

Hakutaka. Ilimchukua muda kueleza, na Bi Kwahiyo aliuma meno kwa kujizuia. Alichosema ni kwamba wenzake wote walipeleka ripoti, na hakuna hata mmoja aliyetakiwa kukaa mbele ya watu aandike tena ili aaminiwe. Wanaosema vizuri wanaulizwa, wanajibu, wanakwenda zao. Naye ataulizwa, atajibu. Wao wangoje.

"Watakuonea," Bi Kwahiyo akasema.

"Wa-wameshanionea."

Mama akavuta birika, akammiminia chai.

Kikao kilifanyika asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu iliyong'arishwa na mapazia mazito. Mwenyekiti alikuwa profesa wa historia, mwanamke wa makamo, mwenye macho ya upole, na kulikuwa na wajumbe wengine wawili ambao kazi yao ilionekana kuwa kuitikia. Dokta Zege alikaa upande mmoja, Kimya upande wa pili. Bi Kwahiyo akawekewa kiti ukutani, nyuma kabisa, jirani na jagi la maji.

Mwenyekiti akamkumbusha kijana kwamba karatasi na kalamu vipo. Kijana akavisogeza pembeni.

"Nitasema," akasema. Neno hilo moja lilimtoa jasho.

Akaulizwa aeleze alivyoiandika ripoti. Akaanza. Maneno yalikuja, yakakwama, yakarudi. Mjumbe mmoja akaanza kuchorachora. Dokta Zege akatazama dari. Profesa, kwa huruma kabisa, akaegemea mbele na kusema, "Unataka kusema kwamba ulisaidiwa?"

Kimya akatikisa kichwa, akaanza upya sentensi yote kutoka mwanzo.

"Kwamba ulikwenda kituoni ukasaidiwa kuandika?"

Akatikisa kichwa tena. Akaanza upya. Bi Kwahiyo alikuwa ameshika pembe za kiti chake kwa mikono miwili. Alikuwa anaijua ile sentensi. Angeweza kuisema yote kwa pumzi moja, kwa ufasaha, wakaelewa, wakaenda kunywa chai. Ulimi ulimwasha. Na papo hapo akatambua kwamba akifanya hivyo atakuwa amewapa walichokuwa wanakitafuta: mtu mwingine akisema, kijana akiitikia.

Profesa akafungua mdomo mara ya tatu. Bi Kwahiyo akasimama.

"Mwenyekiti, mwacheni amalize."

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana mimi nisiseme. Hatukukubaliana na yeye asiseme. Kila akifika katikati mnampokonya. Mnamuuliza swali, mnajijibu, halafu mnashangaa hajajibu. Huu mtihani ni wa nani?"

"Ukae, mama, ama utoke."

Akakaa. Hakuifurahia hata kidogo kauli yake mwenyewe, maana aliona sasa watamchukulia hatua kijana kwa ajili ya mdomo wake yeye. Lakini Kimya alikuwa amegeuka kumtazama, kisha akawageukia wajumbe, na alichosema kilitoka kirahisi kuliko vyote vya asubuhi ile.

"Msinimalizie."

Profesa alimtazama kwa muda. Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyejiona ghafla kwenye kioo cha duka. Akafunga faili lililokuwa mbele yake, akalaza mikono juu yake. "Endelea," akasema. "Tutangoja."

Wakangoja. Haikuwa rahisi, na nisiseme uongo, hata kwa Bi Kwahiyo haikuwa rahisi. Chumba kilijaa ukimya ambao watu wa vyeo hawajauzoea. Kimya alieleza tangi, kivuli cha jengo la darasa kilichofunika upande mmoja tu wa tangi, na jinsi nyufa zilivyokuwa nyingi upande wa pili, uliopigwa na jua mchana kutwa. Hapo ndipo alipoanza kushuku kwamba kosa halikuwa kwenye mchanganyiko, kwa kuwa mchanganyiko ulikuwa mmoja pande zote. Dokta Zege aliacha kutazama dari. Akauliza swali, la kitaalamu, kali. Kijana akajibu, polepole. Akauliza jingine. Kijana akasema hilo hakulipima, angepaswa kulipima, na ameandika hivyo mwishoni. Dokta Zege akafungua ripoti mwishoni, akasoma.

"Na kituoni," Profesa akauliza, "ulisaidiwa nini hasa?"

"Aliniuliza kwa hiyo."

"Kwa hiyo nini?"

"Kwa hiyo tu."

Mjumbe aliyekuwa anachora akacheka, kisha akakohoa kuficha kicheko.

Walipotoka, Kimya aliegemea ukuta wa korido, shati limelowa mgongoni. Bi Kwahiyo alimletea maji. Alikuwa anataka kumwambia jinsi alivyoona fahari, lakini kijana alikuwa amechoka kusikiliza na kusema vilevile, na hilo nalo ni jambo la kuheshimu.

Uamuzi ulitoka baada ya siku chache. Ulikuwa wa mstari mmoja: *Tuhuma hazikuthibitishwa kutokana na upungufu wa ushahidi.* Chini yake kulikuwa na agizo kwamba kuanzia sasa kituo kitahakikisha hakitoi msaada uliopitiliza.

Wengine walimpongeza Kimya. Bi Kwahiyo alirudi nyumbani akaweka mkoba juu ya meza kwa kishindo. Mumewe alikuwa anafungua mota ya friji sebuleni, kinyume na makubaliano yao.

"Kashinda au kashindwa?" akauliza.

"Wamesema ushahidi umepungua. Umesikia neno hilo? Umepungua. Maana yake wizi upo, ila mwizi ana bahati. Mtu kakaa pale kaeleza kazi yake mpaka jasho likamtoka, wao wanasema kimepungua kitu. Hakuna kilichopungua. Ningekuwa nasahihisha kazi ile ningewarudishia."

"Si uwarudishie."

Jioni ile alianza kuandika barua kwa kamati. Alijaza ukurasa mmoja, akaingia wa pili, kalamu inakimbia kwa hasira, na maneno yalikuwa mazuri kweli, yana meno. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili akajiona. Akaichana. Barua ile haikuwa yake.

Alimwonyesha Kimya ule mstari, akamuuliza anauonaje. Kijana akainua mabega. Alitaka yaishe. Alisema amechoka, muhula unaisha, na watu wameanza kusahau. Bi Kwahiyo alitaka kumwambia watu hawasahau, kwamba neno kama hilo hubaki kwenye faili na kumngoja mtu siku anayoomba kazi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Alisema kidogo kuliko alivyotaka, na kijana akaondoka, na kwa siku kadhaa Bi Kwahiyo alikuwa mkali kwa kila aliyeketi mbele yake, mpaka binti wa uuguzi akamuuliza kama anaumwa.

Kisha Kimya akaja mwenyewe, akaweka karatasi juu ya meza. Ukurasa mmoja. Alikuwa amewaandikia kamati. Alieleza kwamba haombi adhabu kwa mtu yeyote, anaomba neno "upungufu" liondolewe, kwa sababu aliulizwa yote na akajibu yote, na aliyeandika neno lile amesema jambo lisilotokea.

Bi Kwahiyo aliisoma mara mbili. Hakuuliza kwa hiyo. Aligusa kwa kidole mahali patatu. "Hapa unaomba kwa unyenyekevu. Hapa tena kwa unyenyekevu. Na hapa kwa unyenyekevu mkubwa. Huu wote ni wa nini?"

Kijana akatazama. Akafuta vifungu viwili, akaacha kimoja. Hicho kimoja hakutaka kukitoa, alisema mama yake angeona aibu, na Bi Kwahiyo akamwachia, maana barua ni ya mwenye barua.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa na sahihi ya Profesa, na lilisema: *Kamati imejiridhisha kwamba kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe.* Lile agizo kwa kituo hawakuligusa, likabaki kama lilivyokuwa. Dokta Zege aliisahihisha ripoti hatimaye, akaipa alama nzuri, akaandika kwamba mapambizo ya kurasa ni membamba mno. Darasani hakusema lolote. Aliyetukanwa mbele ya watu akasafishwa ndani ya bahasha.

Hilo ndilo lililoendelea kumchoma Bi Kwahiyo, na hadi anastaafu lilimchoma. Alimwandikia mkuu wa kitivo kuomba kijana aombwe radhi mahali pale pale alipodhalilishwa. Hakujibiwa. Akaandika tena. Akajibiwa kwamba suala limefungwa. Akawa kila kikao anachoalikwa, na hakualikwa vingi, analitaja, mpaka wakaanza kumkwepa kama mkusanya michango. Kimya mwenyewe alimaliza masomo, akaajiriwa na kampuni ya ujenzi, na habari zake alizileta mwenyewe kwa simu. Bi Kwahiyo alikuwa anaweka simu kwenye spika, anaendelea na mambo yake, anangoja. Kijana aliwahi kumwambia kwamba mafundi wake wanamwita Mzee wa Maji, kwa kuwa hatoki kwenye jengo mpaka zege limwagiliwe.

Mwaka mmoja baada ya kijana kuhitimu, Bi Kwahiyo alikutana na Dokta Zege kwenye mashine ya kudurufu. Walikuwa wawili tu, na mashine ilikuwa inasuasua.

"Mama, habari za siku nyingi," Dokta akasema. "Yule kijana wako anaendeleaje?"

Bi Kwahiyo alikusanya karatasi zake, akazigongagonga mezani zikalingana.

"Hakuwa kijana wangu," akasema. "Alikuwa mwanafunzi wako."

Akashuka ngazi. Mlangoni kwa kituo palikuwa na msichana wa kilimo, kazi yake kaikunja kama fimbo, anaomba radhi kabla hata hajasalimia. Alisema ametumwa na mhadhiri wake aje anyooshwe. Bi Kwahiyo alifungua mlango, akawasha feni, ikakataa.

"Hapa hatunyooshi mtu," akasema. "Kaa. Umeandika juu ya nini?"